Maji ya Mrithi

Kikombe kilijaa maji pomoni, na mama yake Kabaso alikibeba kwa mikono miwili asije akamwaga tone. Atakayeyanywa maji yale ndiye mrithi wa marehemu kaka wa mama huyo: vinu vya unga, hoteli za Ndola, mabasi yote.

Mwana wa marehemu alikuwa keshaketi mkekani, tai imemkaba shingo. "Lete, shangazi. Kiu imenibana."

"Kwetu hurithi mpwa," alisema mama, akampita, akasimama mbele ya Kabaso, dereva wa basi.

Binamu yule mwenye tai akamnong'oneza Kabaso sikioni. "Haya, kunywa. Zile breki ulizokuwa ukizilalamikia sasa ni zako. Na wale abiria waliotumbukia mtoni na basi ni wako."

Kabaso akayanywa yote, akajifuta mdomo.

"Kesho halitoki basi hata moja."