Maji ya Kwenye Kona

Gari lilikuwa limesimama gereji, lakini kompyuta ya fundi Mbwiga ilisema linakata kona kali ya kushoto. Akabadilisha sensa inayopima gari linavyovutwa pembeni. Jibu likawa lilelile.

"Kompyuta hudanganya," alimwambia Mama Tunu, mwenye gari. "Maji hayadanganyi."

Kama kawaida yake, akaweka glasi ya maji juu ya dashibodi. Maji yakapanda taratibu upande wa kulia, kwa dereva, yakabaki yameinama.

"Mama, nani alikuwa akiliendesha?"

"Marehemu mume wangu. Kwenye kona mlango ulifunguka, akarushwa..."

Hakumaliza. Aliukimbilia mlango wa dereva, akaukandamiza kwa viganja vyote viwili.

"Njoo tushike, fundi! Bado yumo."

Kwenye glasi, maji yalizidi kupanda.