Hisa Zinazopiga Simu

Siku hizi ukinunua hisa, simu yako huwapigia ndugu zako wote na kuzisifia kwa sauti yako mwenyewe, na haikomi mpaka uuze. Ndiyo sheria. Mume wangu Shekue alinunua hisa za madini ya mwezini asubuhi, na kufika adhuhuri bei ikaporomoka. Walionunua mwanzo walikuwa wameshauza na kuondoka na faida yao.

"Uza basi!" nikamfokea. "Inawapigia watu!"

"Namuuzia nani? Hakuna anayezitaka."

Tukabaki tunaikodolea macho ile simu. Mara ikalia. Shekue akaruka. "Zimenunuliwa! Zote!" Akanikumbatia huku anacheka kama mtoto.

Mlango ukafunguliwa. Mama yake akaingia, anahema.

"Nimekusikia, baba," akamwambia. "Nimezichukua zote. Nimetoa zile pesa za operesheni ya jicho."

Shekue akainamisha kichwa. Nikampokea mama mkwe mkoba, nikamkalisha, nikammiminia chai. Alikuwa anakunywa kimya mbele yangu simu yangu ilipoita. Nikapokea. Ilikuwa sauti yake, yenye upole ambao hajawahi kunionyesha:

"Mwanangu, nunua. Usichelewe."