Nani Alikula Mutume?

«Fungua kinywa! Zaidi!»

Zawadi, mtoto wa miaka sita, akafungua mpaka machozi yakamtoka. Mama yake, Adolphine, akaingiza pua na kunusa kama mbwa wa mwindaji. Harufu ya muhogo tu.

«Ulikula mutume gani? Petro ao Yohana?»

«Sikukula mutume, mama!»

Gato, keki ya Pasaka, ilikuwa mezani ikingoja mgeni. Mamzeli, Mwingereza aliyetibu wagonjwa pale misioni Kindu, aliioka mwenyewe: ndani zabibu kavu, juu unga wa lozi na sukari, na pembeni madonge ya lozi yamepangwa duara. «Kila donge ni mtume wa Yesu,» alimwambia Adolphine, mpishi wake. «Bibi yangu alifanya hivi, na bibi yake pia.»

Adolphine akahesabu. Kumi na moja. Akaanzia upande mwingine. Kumi na moja! Na katekisimu aliijua hata usingizini: mitume ni kumi na wawili.

Onema, mpishi aliyemtangulia, alifukuzwa kwa vipande viwili vya sukari. Sembuse mtume mzima?

«Tangu asubuhi iko kumi na moja, mama. Nilihesabu.»

«Unanifundisha katekisimu, weye? Piga magoti pale! Mwongo wa leo njo mwizi wa kesho!»

Hofu ya mama haina masikio. Akatwanga karanga na sukari, akafinyanga donge. Kwa haraka, donge likatoka kubwa kama yai la bata. Nafasi ya kuliweka haikuwapo. Ikabidi awasukume mitume wengine wabanane.

«Huyu njo Petro,» akajituliza. «Mukubwa wao.»

Saa tisa akaingia Citoyen Commissaire, mkubwa wa serikali, na abakosti yake mpya, koti la wakubwa lisilovaliwa tai. Karatasi ya kumruhusu Mamzeli kukaa Zaire mwaka mwingine ilikuwa mfukoni mwake, bado haina sahihi. Mamzeli akiondoka, na kazi ya Adolphine imekwenda.

Adolphine akaona heri kosa liliwe upesi. Akakata kipande chenye donge lile. «Mukubwa apate mukubwa, Citoyen.»

Mgeni akalitia lote kinywani. «Eeh! Huyu anapita wote kwa utamu! Mamzeli, njo mutume gani?» Mkono wake ukaanza kutafuta kalamu.

Mamzeli akahesabu madonge yaliyobaki, kisha akakitazama kinywa cha mgeni.

«Adolphine, mitume wangu wote kumi na mmoja wako hapa. Huyo ametoka wapi? Kwetu, Yuda hatumuweki juu ya gato.»

«Nilikuambia, mama!» Zawadi akapaaza sauti kutoka jikoni, angali amepiga magoti.

Citoyen Commissaire alikuwa amekwisha kumeza.