Sauti ya Makame Ukutani

Saa nane mchana joto lilipita nyuzi arubaini na tano, radi zikaanza, na milango yote kisiwani ikajifunga. Ndiyo sheria bahari ikichafuka. Ili asiwepo wa kukimbilia ufukweni, kila nyumba hutoa habari za walio majini kwa sauti zao wenyewe.

“Shani, nimefika salama bandarini,” ukuta ulisema kwa sauti ya Makame, mumewe, nahodha wa boti ya abiria.

Shani aliacha kujipepea. “Mwongo we! Tangu lini Makame akanitaja jina? Hata nyumba ikiungua, yeye huniita Mama Faki.”

Shani aliusukuma mlango, haukufunguka.

“Mama Faki,” sauti ikasema, “nimefika salama bandarini.”