Mpangaji wa Chumba cha Uani

Tangu sheria iwape wanyama haki ya upangaji, Mzee Kihiyo hakuweza kumfukuza Tomi, mbwa wa marehemu Bi Tabu aliyekuwa mpangaji wake. Chumba kilikuwa cha mbwa mpaka naye afe, na mlango ulikuwa umechimbwa kwa kucha, kama ule wa kwanza aliokwisha kuubadilisha.

"Anamngoja mama," binti wa marehemu alisema kwenye simu. "Mvumilie tu, baba."

Mzee alikuwa amechoka. Akaung'oa mlango, akauegemeza ukutani. Tomi akatoka, akanusanusa ua mzima, kisha akaingia sebuleni kwa mzee na kujilaza mkekani.

Macho ya mbwa yakaanza kufumba. Sheria ilikuwa wazi: mnyama akipata usingizi mahali, hapo pamekuwa pake. Mzee akasimama kizingitini pa nyumba yake, asijue aingie tu au abishe hodi.