Betri ya Dada

Fundi alifika ukungu ukiwa bado umelala shambani, akakagua vile vidude vinavyopima unyevu wa udongo na kupokezana taarifa, kimoja hadi kingine, mpaka kwenye simu yangu.

"Hiki cha bondeni kiko mbali," alisema. "Taarifa zake zinapitia kidude cha jirani."

Jirani ni dada yangu. Tulikuwa na miaka minne bila salamu.

"Lakini yule aliacha kulima!"

"Aliacha, mama. Ila betri ya kidude chake anabadilisha kila msimu. Anasema mdogo wake bado analima."

Matone ya umande yaliteleza juu ya kifuniko cha kidude, moja likimeza jingine.

Upande wa pili wa ua wa mpaka wetu, ndani ya weupe ule wa ukungu, mtu alikohoa. Kikohozi hicho nakijua tangu tulipokuwa tukilala kitanda kimoja.

"Hodi, dada," nikasema.