Sanda ya Amran

Dubow aliizima redio kabla jina la mwisho halijasomwa.

"Wacha tusikie, Baba Daud," Amran akasema. "Hao ni watoto wa watu."

"Ni watu wa ngoma," mumewe akajibu, akavaa viatu, akaenda zake sokoni. Ndege ndogo imeanguka karibu na Oltepesi na bendi nzima ndani, Kitengela yote inalia, yeye anawaza mbuzi! Amran alimwona hana moyo hata kidogo.

Jina lile aliletewa na Shirleen, jirani aliyehamia mwaka huo: Kisemei, mpiga kinanda. Keshokutwa yake Shirleen akarudi na habari nyingine. Mume wa Shirleen alikuwa akifanya kazi mochari, Kajiado.

"Wengine wote wamechukuliwa na watu wao. Kisemei pekee ndiye amebaki. Ati hata hilo si jina lake, ni la stejini tu. Na, Mama Daud, huyo alipatikana na tasbihi kwa mfuko."

Amran hakukaa tena kitako. Mwislamu, siku ya tatu hajasitiriwa! Dubow aliporudi jioni alimkuta amefungua sanduku na kuitoa sanda yake mwenyewe, ile aliyoletewa kutoka Makka akaiweka kwa siku yake.

"Kesho enda na pikapu umlete tumzike. Na usiniambie mambo ya ngoma."

Dubow aliketi kitandani. "Hiyo ni yako."

"Daud atanitafutia ingine."

Daud, mwana wao wa pekee, alikuwa hajakanyaga nyumbani mwaka wa pili sasa, tangu alipokosana na baba yake. Dubow alisema yuko Garissa kwa ami yake, anauza ngamia. Kupiga simu huko kulitaka foleni posta, na kila Amran alipojifunga buibui aende, mumewe hakukosa sababu ya kumzuia.

"Akifa huko ugenini," Amran akasema, "si ningetaka mama mwingine amfanyie hivi?"

Dubow aliipokea sanda kwa mikono miwili. Akatoka nayo nje.

Kesho yake, baada ya adhuhuri, jeneza liliwekwa uwanjani mwa msikiti na wanaume wakapanga safu. Amran alisimama nje ya ua pamoja na Shirleen, uchungu umemjaa kwa ajili ya mwanamke asiyemjua.

"Pole mama, popote ulipo," akanong'ona.

Imamu aligeukia watu na kuuliza, kama aulizavyo kwenye kila maziko, iwapo baba wa marehemu yupo, aswalishe yeye.

Dubow akatoka kwenye safu, akaenda kusimama mbele ya jeneza.